Kampuni ya Bima Inapofilisika: Kwa Nini Sheria Huzuia Mali Yake Kuhamishwa

Kampuni ya bima inapoanguka, swali la kwanza la mwenye bima huwa ni moja: je, nitalipwa? Jibu lake hutegemea swali jingine ambalo wananchi wachache hulifikiria: mali ya kampuni hiyo iko wapi, na iko mikononi mwa nani? Majengo, viwanja, magari, amana za benki na hati fungani za Serikali ambazo kampuni ilijikusanyia kutokana na ada za wateja wake ndizo zitakazouzwa ili kuwalipa wanaoidai. Mali hiyo ikihamishwa kabla mfilisi hajaifikia, hukumu ya mahakama iliyo mkononi mwa mjane au majeruhi wa ajali hubaki kuwa karatasi tu.

Makala haya yanaeleza namna sheria za Kenya zinavyoilinda mali ya kampuni ya bima katika kipindi cha ufilisi, ni uhamisho gani unaohesabiwa kuwa batili, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema anasimama wapi, na mwananchi anapaswa kuchukua hatua gani ili haki yake isipotee.

Suala lenye historia

Kuanguka kwa kampuni za bima si jambo geni nchini. Kenya National Assurance, iliyokuwa shirika la umma, ilifungwa mwaka 1996. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na Resolution Insurance mwezi Aprili 2022. Mwaka 2024, Invesco Assurance, kampuni iliyokuwa na wateja wengi katika sekta ya matatu, iliingia katika ufilisi. Kampuni hizi zinatajwa hapa kwa ajili ya kumbukumbu tu. Haidaiwi kwamba katika yoyote kati yake mali ilihamishwa kinyume cha sheria.

Funzo linalojirudia ni kwamba bima ni biashara ya ahadi. Mteja hulipa leo ili alipwe siku asiyoijua. Muuza unga anapofilisika, mteja huwa tayari ameondoka na unga wake. Kampuni ya bima inapofilisika, maelfu ya watu huwa wamekwisha kulipa na bado hawajapata kile walichokilipia. Ndiyo sababu mali ya kampuni hiyo, ingawa kwa sura ya nje ni ya wenye hisa, kwa hakika ni tegemeo la wenye bima.

Njia kutoka matatizo hadi ufilisi

Kwa kawaida ufilisi wa kampuni ya bima hauji ghafla. Sheria ya Bima, Sura ya 487 ya Sheria za Kenya, inaipa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, uwezo wa kuingilia kati mapema. Kampuni inaposhindwa kulipa madai, au mtaji wake unaposhuka chini ya kiwango kinachotakiwa, Kamishna wa Bima anaweza kumteua meneja wa kisheria achukue uendeshaji wake kwa muda usiozidi miezi 12, muda ambao Mahakama Kuu inaweza kuuongeza. Meneja huyo ana uwezo wa kutangaza kusitishwa kwa malipo, ili fedha zilizobaki zisiendelee kuchotwa na wachache walio karibu huku wengine wakisubiri nje.

Ni muhimu mwananchi atofautishe hatua mbili. Usimamizi wa kisheria ni jaribio la kuiokoa kampuni: huenda ikapona, ikapata mwekezaji mpya, au wateja wake wakahamishiwa kampuni nyingine. Ufilisi ni kufunga hesabu: mali hukusanywa, huuzwa, na mapato hugawanywa. Jaribio la kwanza likishindikana, ombi la ufilisi hupelekwa Mahakama Kuu, na hapo ndipo Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inapoanza kufanya kazi yake nzito.

Saa ya ufilisi huanza lini?

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mahakama inapotoa amri ya kuifilisi kampuni, ufilisi hauhesabiwi kuanzia siku ya amri. Huhesabiwa kuanzia siku ombi lilipowasilishwa mahakamani. Ombi likiwasilishwa mwezi Februari na amri ikatolewa mwezi Novemba, kisheria kampuni ilikuwa katika ufilisi tangu Februari.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kati ya ombi na amri kuna pengo, na pengo hilo ndilo hatari kubwa kuliko zote. Wakurugenzi huwa wamekwisha kujua kwamba kampuni inaelekea kufungwa, lakini funguo bado wanazo. Hati za viwanja bado zimo kabatini mwao, na saini zao bado zinakubaliwa benki. Kama sheria ingeanza kuhesabu siku ya amri, ombi la ufilisi lingekuwa onyo kwa wenye nia mbaya waondoe walichoweza kabla mlango haujafungwa.

Kwa hiyo sheria inatamka kwamba uhamisho wowote wa mali ya kampuni uliofanywa baada ya ufilisi kuanza ni batili, isipokuwa mahakama iwe imeamuru vinginevyo. Uhamisho wa hisa za kampuni katika kipindi hicho nao hauna nguvu, ili asitokee mwenye hisa wa kujivua wajibu wake kwa kumbwagia mtu mwingine. Kanuni hii ni ya zamani. Ilikuja nchini pamoja na sheria za makampuni zenye asili ya Uingereza, na imedumu kwa sababu hakuna iliyo bora zaidi kwa kuziba pengo hilo. Aidha, pale ambapo hatari ni kubwa, mahakama inaweza kumteua mfilisi wa muda aishike mali hata kabla ombi halijasikilizwa kikamilifu.

Nini huhesabiwa kuwa uhamisho?

Neno uhamisho lisieleweke kwa ufinyu. Haliishii kwenye kuuza jumba au shamba. Linahusu kila tendo linaloiondoa mali katika milki ya kampuni au kuipunguzia thamani kwa manufaa ya mtu mwingine. Kuuza kiwanja ni uhamisho. Kutoa gari la kampuni kuwa zawadi ni uhamisho. Kuliweka jengo rehani ili kudhamini deni la kampuni dada ni uhamisho. Kulipa fedha kutoka akaunti ya benki ni uhamisho. Kumwachia mtu mwingine haki ya kukusanya deni ambalo kampuni inadai ni uhamisho.

Vivyo hivyo, mdai mmoja hawezi kujichukulia mali peke yake. Mtu aliyeshinda kesi dhidi ya kampuni, akapeleka madalali kukamata samani na magari baada ya ufilisi kuanza, atakuta ukamataji huo hauna nguvu kisheria. Baada ya amri kutolewa, kesi mpya dhidi ya kampuni haiwezi kufunguliwa, wala ya zamani kuendelea, bila idhini ya mahakama. Kwa aliyehangaika miaka mingi kupata hukumu, katazo hili linaweza kuonekana la kikatili. Lakini lengo lake ni kwamba aliye na wakili mwepesi mjini asimalize chakula chote kabla ya aliye kijijini kupata habari kwamba chungu kimeepuliwa.

Yapo pia mambo ambayo si mali ya kampuni, na ambayo mfilisi hana haki ya kuyagusa. Gari la mteja lililokuwa likisubiri matengenezo katika yadi ya kampuni, iwapo mteja bado hajalipwa fidia na kuliachia, linabaki kuwa lake. Kwa upande mwingine, malipo yanayotoka kwa kampuni kubwa zinazozikatia bima kampuni za bima huingia katika kapu la wote chini ya mfilisi. Mwenye dai hawezi kwenda kuyachukua moja kwa moja, hata kama yanatokana na ajali iliyompata yeye.

Uhamisho uliofanywa kabla ya ombi

Mjanja anaweza kuuliza: vipi ikiwa mali ilihamishwa kabla ya ombi kuwasilishwa? Sheria imeliona hilo pia. Tofauti ni kwamba uhamisho wa namna hiyo si batili wenyewe kwa wenyewe. Mfilisi ndiye anayepaswa kwenda mahakamani, kuthibitisha, na kuomba mali irudishwe. Makundi mawili ndiyo yanayojitokeza zaidi.

Kundi la kwanza ni mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa. Ikiwa kampuni ilifanya hivyo ndani ya miaka 2 kabla ya ufilisi kuanza, na wakati huo ilikuwa tayari haiwezi kulipa madeni yake au tendo hilo ndilo lililoifikisha hapo, mahakama inaweza kuirejesha hali ilivyokuwa. Aliyenufaika akiwa mtu wa karibu na kampuni, kama mkurugenzi au jamaa yake, sheria huchukulia kwamba kampuni ilikuwa imeshindwa kulipa madeni, na ni juu yake kuthibitisha kinyume. Hata hivyo, mahakama haitautengua mkataba ambao kampuni iliufanya kwa nia njema, kwa ajili ya biashara yake, ikiwa na sababu za kuamini kwamba ungeinufaisha.

Kundi la pili ni upendeleo kwa mdai mmoja. Tuseme kampuni ina madai mia tatu yaliyokwama, lakini inalilipa kwa ukamilifu gereji moja kwa sababu gereji hiyo ni ya mmoja wa wakurugenzi. Deni lilikuwa la kweli na kazi ilifanyika. Kosa ni kwamba mmoja amewekwa mbele ya wenzake kwa makusudi. Kwa mtu wa karibu na kampuni, mfilisi anaweza kurudi nyuma miaka 2. Kwa mdai mwingine asiye na uhusiano nayo, miezi 6.

Mbali na kurejesha mali, wakurugenzi walioendesha biashara kwa nia ya kuwalaghai wadai wanaweza kuamriwa na mahakama kuchangia kutoka mifukoni mwao wenyewe. Kuficha mali au kughushi vitabu vya hesabu ni kosa la jinai.

Hasara huonekana vipi kwa mwananchi?

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu nyepesi. Kampuni fulani ya bima inadaiwa jumla ya shilingi milioni 600, na mali yake yote, baada ya gharama na madeni yenye kipaumbele kuondolewa, ni shilingi milioni 240. Mgawo ukifanywa sawasawa, kila mdai atapata senti 40 kwa kila shilingi anayodai. Kijana aliyevunjika mguu katika ajali ya barabarani, mwenye hukumu ya shilingi 500,000, angepata shilingi 200,000 kutoka kwa mfilisi.

Sasa tuseme miongoni mwa mali hizo lilikuwemo jengo lenye thamani ya shilingi milioni 80, na baada ya ombi la ufilisi mkurugenzi akaliuza kwa jamaa yake kwa shilingi milioni 20. Kapu limepungukiwa shilingi milioni 60, na kilichobaki ni milioni 180. Mgawo unashuka hadi senti 30 kwa shilingi, na kijana yule anapata shilingi 150,000. Shilingi 50,000 zilizopotea hazikuchukuliwa na mwizi aliyevunja mlango wake. Zimechukuliwa kwa saini moja katika ofisi asiyoifahamu. Hasara hiyo hiyo, kwa kadiri ya dai lake, imempata kila mdai mwingine. Mfilisi anapokwenda mahakamani kulirudisha jengo lile, anawapigania wote hao kwa pamoja.

Mnunuzi wa nia njema

Haki ina pande mbili. Si kila anayenunua mali kutoka kwa kampuni inayofilisika ni mshirika wa hila. Yupo aliyeona tangazo, akalipa bei halali, na hakujua chochote. Yupo pia mfanyabiashara aliyeiuzia kampuni karatasi za ofisi na akalipwa kama kawaida.

Kwa ajili ya watu hawa, sheria imeipa mahakama uwezo wa kuidhinisha uhamisho, ama kabla haujafanyika au baadaye. Katika kuamua, mahakama huangalia iwapo pande zote zilikuwa na nia njema, iwapo bei ilikuwa ya haki, iwapo ni jambo la kawaida katika uendeshaji wa biashara, na zaidi ya yote, iwapo wadai kwa jumla wamefaidika au wameumizwa. Kuuza gari chakavu kwa bei nzuri ili kulipa mishahara ya walinzi wa majengo kunaweza kuidhinishwa. Kuuza jengo usiku kwa jamaa, hapana.

Asiyepata idhini hiyo hulazimika kuirudisha mali, kisha yeye mwenyewe kujiunga na foleni ya wadai kwa ajili ya fedha alizolipa. Kwa hiyo kinga iliyo bora ni uchunguzi kabla ya kununua. Anayetaka kununua kiwanja, jengo au gari linalomilikiwa na kampuni ya bima anashauriwa kufanya upekuzi katika sajili ya ardhi au ya magari, kuuliza hali ya kampuni katika Huduma ya Usajili wa Biashara, kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, na kuthibitisha kwa IRA kwamba leseni ya kampuni ni hai. Bei iliyo nusu ya bei ya soko ni ishara ya kusimama na kuuliza.

Utaratibu wa kulipwa

Mfilisi, ambaye anaweza kuwa Mpokeaji Rasmi wa Serikali au mtaalamu mwenye leseni, akishakusanya na kuuza mali, hafuati matakwa yake katika kugawanya. Gharama za ufilisi hutangulia. Hufuata mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango kilichowekwa na sheria, kisha kodi, na baadaye wadai wasio na dhamana. Mdai mwenye rehani halali hulipwa kutokana na mali aliyowekewa, na ndiyo maana rehani zinazosainiwa katika siku za mwisho huchunguzwa kwa makini. Wenye hisa hupata kitu iwapo tu wengine wote wamekwisha kulipwa.

Kwa bima ya maisha upo ulinzi wa ziada. Sheria ya Bima inaitaka kampuni iweke fedha za biashara hiyo katika mfuko wake wa pekee, usiochanganywa na fedha za bima za magari, moto au afya. Fedha hizo ni kwa ajili ya wenye bima za maisha, wala hazipaswi kutumiwa kuziba mashimo ya upande mwingine.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, PCF, uliowekwa chini ya sheria hiyo hiyo. Mfuko huchangiwa na wenye bima na kampuni za bima, kila upande ukitoa asilimia 0.25 ya ada. Kampuni inapotangazwa kuwa imefilisika, mwenye dai lililothibitishwa anaweza kulipwa na Mfuko hadi shilingi 250,000. Kwa dai dogo, kiasi hicho kinaweza kutosha. Kwa aliyepata ulemavu wa kudumu au aliyefiwa na mlezi, salio lake linategemea kile mfilisi atakachokiokoa. Hapo tena tunarudi kwenye mali na mahali ilipo.

Mwananchi afanye nini?

Kwanza, mwenye gari lililokatiwa bima katika kampuni iliyoingia ufilisini atafute bima nyingine mara moja. Kuendesha gari bila bima ya mtu wa tatu ni kosa, na ajali ikitokea mwenye gari atawajibika yeye binafsi.

Pili, mwenye dai aliwasilishe kwa mfilisi kwa maandishi ndani ya muda uliotangazwa, akiambatanisha nakala ya hati ya bima, stakabadhi za malipo, ripoti ya polisi au ya daktari, na hukumu ya mahakama ikiwa ipo. Anayekaa kimya akidhani jina lake tayari limo katika orodha anaweza kukuta mgawo umepita.

Tatu, asilipe ada wala deni lolote la kampuni kwa wakala, dalali au aliyekuwa mkurugenzi. Baada ya ufilisi kuanza, fedha za kampuni hupokewa na mfilisi. Anayezilipa kwingine anaweza kudaiwa mara ya pili.

Nne, mwenye taarifa juu ya mali ya kampuni iliyofichwa au kuhamishwa aifikishe kwa mfilisi, kwa Ofisi ya Mpokeaji Rasmi au kwa IRA. Mara nyingi wa kwanza kuona ni watu wa kawaida: mlinzi aliyeshuhudia magari yakiondolewa usiku, mpangaji aliyeambiwa aanze kulipa kodi ya nyumba kwa mtu mpya, karani aliyetakiwa kuandika tarehe isiyo ya kweli. Tarehe ndiyo msingi wa kesi za namna hii. Siku moja tu inaweza kuamua kama uhamisho ni halali au ni batili.

Tano, katika kukata bima, mwananchi asivutwe na unafuu wa ada peke yake. IRA huchapisha orodha ya kampuni zenye leseni, na kampuni za bima zinatakiwa kuchapisha hesabu zao za kila mwaka. Kampuni inayotoza ada ndogo mno kulingana na hatari inayoibeba inakula akiba ya kesho, na mlipaji wa mwisho huwa ni mteja aliyedhani amepata nafuu.

Ni vyema kukiri kwamba sheria peke yake haitoshi. Fedha huhama kwa dakika chache, ilhali kesi huchukua miezi na hata miaka. Mfilisi naye huhitaji vitabu vya hesabu vilivyo kamili ili afuatilie kilichopotea, na wakati mwingine vitabu hivyo ndivyo vya kwanza kutoweka. Hata hivyo, kila mali inayorejeshwa ni nyongeza katika mgawo wa kila mdai, na kila mwananchi anayewasilisha dai lake kwa wakati, anayefanya upekuzi kabla ya kununua na anayetoa taarifa za kweli anamrahisishia mfilisi kazi hiyo.